Diodi sita badala ya tatu

Mtu akisikia natengeneza taa ya LED, swali lake la kwanza huwa ni kipoza joto: kina ukubwa gani, kina mapezi mangapi, nimeweka feni au sikuweka. Kwangu hayo ni maswali ya mwisho. Joto la taa huamuliwa mapema, pale unapochagua idadi ya diodi, yaani LED zenyewe, na mkondo wa umeme utakaozipitia. Alumini huja baadaye kubeba mzigo ambao saketi imeshautwika. Taa yangu mpya ya mezani nimeisanifu kwa msimamo huo, na hesabu zake naziweka hapa kwa kuwa ni fupi: kuzidisha na kugawanya, basi.

Nilitaka lumeni 800 hivi, yaani mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Balbu ile ilikuwa mbadhirifu kweli, lakini haikumsumbua mtu kwa habari ya kupoza. Waya wake wa tungsteni uliwaka kwa zaidi ya nyuzi 2,000, na sehemu kubwa ya nishati ikaondoka yenyewe kama mnururisho wa joto, sambamba na mwanga. Diodi haina njia hiyo. Nishati ambayo haikugeuka mwanga inabaki imefungiwa ndani ya chipu yenye upana wa milimita moja au mbili, na mlango wake wa kutokea ni mmoja: chini, kwenye vibati ilipolehemewa.

Tena joto halitoki kwenye chipu peke yake. Diodi nyeupe ni diodi ya buluu iliyofunikwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa wa njano, na jicho likipokea rangi hizo kwa pamoja linaona weupe. (Hiyo buluu ndiyo iliyowatoa watafiti jasho kwa miongo, Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kuipata.) Kila mgeuzo wa buluu kwenda njano hupoteza nishati kidogo, na kinachopotea ni joto hilohilo tunalolikimbia.

Sasa uamuzi wenyewe. Diodi nilizonazo zinaruhusu mkondo wa ampea 1 na zaidi. Ningeweza kuweka tatu, nikazipa miliampea 700 kila moja, nikapata mwanga unaokaribia ninaoutaka. Nimeweka sita kwa miliampea 350. Sababu ni kwamba ukizidisha mkondo mara mbili, mwanga hauzidi mara mbili. Unapungukiwa, na pengo linakwenda kwenye joto. Volti nazo zinapanda kidogo mkondo ukipanda, kwa hiyo wati zinaongezeka kuliko ulivyotarajia. Kwa miliampea 350 kila diodi yangu inakula volti 2.9, sawa na wati 1 hivi. Sita kwa mfuatano zinafanya volti 17.4 na wati 6.1. Kati ya hizo nahesabu wati 4 kuwa joto. Ni hesabu ya mtu mwoga, maana diodi nzuri hufanya vizuri zaidi ya hapo, ila kwenye joto nipo radhi kuwa mwoga.

Faida ya pili ya diodi nyingi haionekani kwenye hesabu ya wati. Joto lilelile likigawanywa sehemu sita linapita kwenye milango sita. Tuseme kati ya kiini cha diodi na sehemu ilipolehemewa kuna ukinzani wa joto wa nyuzi 8 kwa kila wati. Diodi yenye wati 0.65 za joto itakuwa na kiini kilichozidi bati lake kwa nyuzi 5 tu. Ile ya miliampea 700, yenye wati 1.4 za joto, itazidi kwa nyuzi 11. Hakuna kipoza joto duniani kitakachokurudishia hizo nyuzi sita, kwa sababu zinapotelea ndani ya diodi kabla alumini haijahusika.

Baada ya hapo nikachagua chanzo cha umeme: adapta ya volti 24. Diodi zinataka 17.4 tu, na wengi wangeshika rezista, kipande kinachozuia mkondo, ili imeze zinazozidi. Rezista ikibeba tofauti ya volti 6.6 kwa miliampea 350, inateketeza wati 2.3, zaidi ya robo ya umeme wote unaoingia, na inaziteketeza ndani ya taa ileile ninayoihangaikia isipate joto. Mzigo wa wati 4 unakuwa 6.3. Saketi ya transista inayobana mkondo kwa kujipasha moto nayo ni hivyohivyo. Inashika mkondo vizuri kuliko rezista, lakini bili ya joto ni moja.

Nilichotumia ni draiva, yaani saketi inayozilisha diodi, ya kushusha volti kwa kukatakata umeme. Swichi ikifunga, mkondo unapanda polepole kupitia koili na diodi zote sita. Swichi ikiachia, koili haikubali mkondo ukatike ghafla. Inaendelea kuusukuma kupitia diodi ya Schottky, ambayo haitoi mwanga bali hupitisha mkondo upande mmoja tu, hadi swichi ifunge tena. Mchezo huo unarudiwa mara 200,000 kwa sekunde na jicho halijui lolote. Mkondo unapimwa kwenye rezista ndogo ya omu 0.56, ambayo chipu ya draiva inataka ione volti 0.2 juu yake: 0.2 gawanya kwa 0.56 ni miliampea 357. Rezista hiyo inakula wati 0.07. Zipo chipu za kizamani zinazotaka volti 1.2 na ushei kwenye rezista ya kupimia. Hizo zingekula zaidi ya wati 0.4 kwa kazi ya kupima tu, na huwa nashangaa bado zinapendekezwa kwa taa.

Kuna jambo moja kwenye saketi hii ambalo ningependa lisemwe mara nyingi zaidi. Ufanisi wa draiva ya kushusha unapanda kadiri volti za diodi zinavyokaribia volti za chanzo. Kwa volti 17.4 kutoka 24, swichi imefunga karibu asilimia 72 ya muda, na diodi ya Schottky inafanya kazi asilimia 28 iliyobaki. Inapoteza wati 0.04, kitu ambacho hata kidole hakihisi. Zile diodi tatu za miliampea 700, zenye volti 9 na kidogo, zingeifanya Schottky ibebe mkondo maradufu kwa zaidi ya nusu ya muda, na hasara ingefika wati 0.2. Kwa hiyo diodi sita zimenipa faida hadi kwenye draiva.

Koili ni ya maikrohenri 220. Kwa masafa ya kilohezi 200 mkondo unapanda na kushuka kwa miliampea 110 hivi, na kilele chake hakifiki miliampea 420. Nimechagua koili inayovumilia ampea 1 kabla ya kiini chake cha feraiti kushiba, kwa sababu koili iliyoshiba hugeuka waya wa kawaida, na swichi ndiyo inayoumia.

Kwa nini nimezipanga zote sita kwenye mstari mmoja? Volti za diodi hushuka inapopata joto, na mkondo wake hupanda kwa kasi kubwa ukiiongezea volti kidogo tu. Ukiweka mistari miwili sambamba kwenye draiva moja, mstari uliopata joto kwanza utaanza kunyonya mkondo wa mwenzake, upate joto zaidi, unyonye zaidi. Fungua taa nyingi za bei rahisi zilizokufa utakuta diodi moja yenye doa jeusi katikati, na jirani zake bado zinawaka ukizigusa kwa waya za mita ya kupimia umeme. Mstari mmoja hauna ugomvi huo: mkondo unaopita kwenye ya kwanza ndio unaopita kwenye ya sita.

Twende kwenye bodi, ubao ambao diodi zimelehemewa juu yake. Bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo ni blanketi. Unene wa milimita 1.6 na uwezo wa kupitisha joto wa wati 0.3 tu kwa mita kwa kila nyuzi: hata joto likitandazwa kwenye sentimita moja ya mraba chini ya diodi, wati 0.65 zitaacha tofauti ya nyuzi 35 kati ya juu na chini. Wapo wanaoitoboa vijishimo vingi vya shaba na kupata matokeo ya heshima. Mimi nimetumia bodi ya alumini, ya duara, kipenyo sentimita 5, ambapo kati ya shaba na alumini kuna ngozi nyembamba tu ya kutenganisha umeme. Hapo tofauti inakuwa nyuzi 3 hivi.

Kuhusu grisi ya joto, mabishano ni mengi kuliko faida. Bodi yangu ina eneo la sentimita za mraba 20 zinazogusa bamba. Grisi ya wastani yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita inaongeza sehemu ya kumi ya nyuzi moja kwa mzigo wa wati 4. Grisi ghali mara tano haitaokoa chochote utakachoweza kukipima. Lakini acha nafasi ya hewa ya unene huohuo, ukiwa hukupaka kitu au bamba limepinda, na tofauti inaruka hadi nyuzi 8. Kwa hiyo sugua bamba kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo hadi liwe bapa, paka grisi yoyote nyembamba, kaza skrubu kwa zamu kama unavyokaza nati za gurudumu. Imetosha.

Na bamba lenyewe? Hili ndilo linalowachekesha waliotegemea kuona mapezi. Ni kipande cha alumini cha sentimita 10 kwa 10, unene milimita 3, basi. Pande zote mbili zikiwa wazi ni sentimita za mraba 200. Hewa iliyotulia pamoja na mnururisho huondoa takriban wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, kwa hiyo wati 4 zinapandisha bamba nyuzi 20 juu ya chumba. Ningetumia rezista, ningepanda zaidi ya nyuzi 30 kwa bamba hilohilo.

Nimesema pamoja na mnururisho, na hapo kuna mtego. Alumini inayong'aa hutoa mnururisho hafifu mno, kama sehemu ya kumi ya kinachowezekana. Ipake rangi, na karibu nusu ya upozaji wote wa bamba bapa utatoka hapo. Rangi yoyote: kwa joto la kiwango hiki nyeupe hutoa karibu sawa na nyeusi. Langu ni jeupe kwa sababu linarudisha na mwanga kidogo mezani. Mapezi yana kazi yake wati zikiwa nyingi, lakini yasimame wima na yasibanane; hewa inayopanda yenyewe haina nguvu ya kujipenyeza kwenye nafasi za milimita mbili tatu.

Draiva nimeiweka kwenye kitako cha taa, mbali na bamba. Kapasita (vihifadhi chaji vya draiva) za elektroliti hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka; yenye ahadi ya saa 2,000 kwa nyuzi 105 inaweza kufika saa 8,000 kwa 85, na 32,000 kwa 65. Taa nyingi hufa kwa kapasita hali diodi zingali nzima. Mimi nimetumia za seramiki, nikakumbuka kwamba iliyoandikwa maikrofaradi 10 inaweza kubaki na nusu tu ikipewa volti 24, kwa hiyo nimeweka mbili.

Kupima nilianza na kipimajoto cha kulenga kwa miale. Kinadanganya kwenye alumini tupu, kinasoma chini ya ukweli. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme na ulenge hapo. Chumba kikiwa na nyuzi 30, bamba lilitulia kwenye 51. Kwa kiini cha diodi, ambako hakuna kifaa kinachoingia, diodi zenyewe ndizo kipimajoto. Karatasi ya vipimo vyake inasema kila moja hushuka milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Sita ni milivolti 12. Mita ilisoma volti 17.41 nilipowasha, ikateremka taratibu, tarakimu baada ya tarakimu, ikasimama kwenye 17.09. Tofauti ya volti 0.32 ni nyuzi 27 juu ya chumba, ingawa usomaji wa kwanza huwa umechelewa kidogo kwa kuwa kiini hupata joto ndani ya sekunde. Ongeza hizo nyuzi chache za mwanzo na kiini kipo kama 60, karibu kabisa na hesabu zangu za hapo juu.

Anayetaka kuitumia kwenye betri ya volti 12 asilazimishe diodi sita kwa mfuatano, maana atahitaji draiva ya kupandisha volti. Agawanye mistari miwili ya diodi tatu, kila mstari na draiva yake ndogo ya kushusha. Volti 8.7 zinapata nafasi ya kutosha hata betri ikishuka hadi 11, na ile tabia ya mstari mmoja kunyonya mwenzake haipati pa kuanzia.