Herufi ya kumi

Fundi wa smogi, yaani kipimo cha moshi wa magari, aliinama chini ya boneti, akawasha tochi ya simu, akasoma kijistika cha rangi ya fedha kwenye bomba langu jipya la hewa. Akaenda kwenye kompyuta yake. Akarudi, akainama tena, safari hii akasoma ile stika ya kiwanda iliyoganda pale tangu gari lizaliwe.

"Gari lako la mwaka gani?" akaniuliza.

Nikamjibu bila kusita: "2016."

"Hili ni la 2017, rafiki."

Nikacheka. Nikamfungulia mlango wa dereva nimwonyeshe kibati: limetengenezwa mwezi wa 10, 2016. Yeye hakucheka.

Niwape kisa kuanzia mwanzo. Naishi Sacramento, California, na ninaendesha Toyota 86, gia za mkono, niliyoinunua kwa mtu. Nimekulia kwenye gereji ya mjomba wangu kule Ngamiani, Tanga, kwa hiyo gari likiwa langu lazima niliguse. Wengine hununua viatu. Mwaka jana nikapata inteki ya mtumba, ule mrija mnene wenye filta ya wazi inayokaa mahali pa boksi la ea klina. Nilimlipa jamaa dola 150 kwenye maegesho ya supamaketi. Faida yake? Mlio mtamu ukikanyaga mafuta, na nguvu za farasi wachache ambao nadhani wapo zaidi kichwani mwangu kuliko kwenye magurudumu.

Ila sikununua kijinga. California kifaa chochote unachoongeza kwenye injini, kama kinaweza kugusa mambo ya moshi, sharti kiwe na namba ya EO, yaani namba ya barua ya idhini, inayotolewa na CARB, bodi ya jimbo inayosimamia hewa. Ni sheria, kifungu namba 27156 cha sheria za magari. Bomba la ekzosi lililo nyuma ya katalisti, kile kisafishio cha moshi, hawalijali, kelele zake ni kesi nyingine. Lakini inteki, tabo, hedasi (mabomba ya moshi yanayofungwa kwenye injini), programu ya kontroli boksi (kompyuta ya injini), vyote vinahitaji namba. Yale maneno "kwa mbio tu" yanayoandikwa kwenye maboksi hayakusaidii kitu barabarani. Na tangu Julai 2021 mashine ya smogi inakagua hata programu ya kontroli boksi kama ni ya kiwanda au imeidhinishwa.

Inteki yangu ilikuwa na namba. Inaanza na D, kama inavyotakiwa, na kijistika hakijachubuka. Jamaa aliniambia, "Hii ni ya 2013 mpaka 2016." Mimi nikaangalia kibati cha mlangoni, nikaona 2016, nikatoa hela.

Kumbe namba ile peke yake si kitu. Kitu ni barua iliyo nyuma yake. Mtengenezaji akitaka idhini, anachukua gari ambalo CARB wanaliona ndilo lenye mtihani mgumu zaidi katika kundi analotaka kuliuzia, linapandishwa maabara juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka, linawashwa likiwa la baridi, moshi unakusanywa na kupimwa. Kwanza na vifaa vya kiwanda, kisha na kifaa chake. Kampuni ndogo zisizo na maabara hupata msaada kwa SEMA, chama cha watengenezaji wa vifaa hivi, chenye maabara yake Diamond Bar. Wakipita, CARB wanaandika barua: kifaa fulani, kwa gari fulani, injini fulani, miaka fulani. Nje ya mstari huo, kifaa kilekile ni haramu.

Na mwaka wenyewe ni mwaka wa modeli, si siku gari lilipotoka kiwandani. Magari ya modeli ya 2017 yalianza kutengenezwa 2016. Fundi alinionyesha kwa kidole kwenye kioo cha mbele: hesabu herufi za namba ya chesisi, ya kumi ndiyo mwaka. G ni 2016. Yangu ilikuwa H. Halafu akaniuliza kwa nini manifodi yangu, ile mirija inayogawa hewa kwenye injini, ni nyekundu. Kwa sababu 86 za 2017 za gia za mkono zilibadilishiwa manifodi, nguvu ikapanda kutoka farasi 200 hadi 205, na ile mpya ikapakwa rangi nyekundu. Miezi yote hiyo nimeiosha kwa tambara nikiisifia!

Kinachouma ni kwamba upande wa kompyuta gari lilipita. Magari ya 2000 kuja juu hayachomekwi kipimo kwenye ekzosi, wanachomeka waya chini ya usukani na kuihoji injini yenyewe, na yangu ilijibu safi. Nilianguka kwenye ukaguzi wa macho tu.

Jioni nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti imenywea?"

Nikamweleza. Akakaa kimya, kisha: "Sasa hao wanapima moshi au wanapima karatasi?"

"Vyote, mjomba."

"Mrija wa hewa unatoa moshi gani?"

Nilitaka kukubaliana naye. Lakini nilikuwa nimeshasoma. Boksi la ea klina la magari mengi ya siku hizi lina karatasi ya mkaa ndani. Ukizima gari, mvuke wa petroli unaobaki kwenye manifodi hupanda kurudi kwenye boksi, na ule mkaa unaunasa. Ukiweka filta ya wazi, mvuke unatoka nje usiku kucha gari limelala. Na mvuke huo ndio chanzo cha kesi nzima ya California: miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni za magari, vikipikwa na jua la Los Angeles, vinatengeneza ozoni na ile smogi iliyokuwa inawachoma watu macho. CARB ilipoundwa, yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

"Mkaa," akasema mjomba. "Mkaa huu huu?"

"Huo huo, ila wa kiwandani."

"Haya. Boksi la zamani umelitupa?"

"Lipo stoo."

"Basi una akili kidogo."

Jumamosi nikaling'oa bomba kwa spana namba 10 na bisibisi, dakika ishirini, nikarudisha boksi jeusi. Jumatatu nikapita, nikalipia kipimo mara ya pili, pamoja na dola 8.25 za cheti. Gari sasa lina sauti ya teksi.

Inteki nikaitangaza. Alikuja kijana na Scion FR-S, ndugu yake na 86 yangu, akiwa na haraka na noti mkononi. Nikamwambia subiri, nikaenda kwenye kioo chake cha mbele na kuanza kuhesabu kwa kidole. Alidhani nakagua kama gari ni la wizi. Ya kumi ilikuwa D, 2013. Nikachapa ile barua ya CARB, nikampa pamoja na bomba, dola 120. Aliifunga palepale nje kwa spana yangu, na alipoondoka nilimsikia mpaka kona ya pili.

Mjomba naye alikuwa ameshatuma ujumbe: ningemtumia yeye, ana mteja wa Altezza.