Saa za jioni na watu wa mbali

Ushauri kuhusu kupanda ngazi kazini hutujia kwa kawaida katika mafungu mawili. La kwanza linatuhimiza kutumia vizuri muda wa ziada: kusoma, kujifunza ujuzi mpya, kupunguza saa za kuperuzi simu. La pili linatuhimiza kujuana na watu, yaani kuhudhuria mikutano, kubadilishana namba na kujenga kile ambacho wengi sasa wanakiita koneksheni. Nimeona watu wengi wakishika moja na kuliacha jingine. Wapo wanaojifungia na kozi za mtandaoni hadi vyeti vinajaa kwenye kabrasha, huku hakuna mtu nje ya nyumba yao anayejua wanaweza kufanya nini. Na wapo wenye namba ya kila mkubwa kwenye simu, lakini ukiwauliza wakubwa hao, hakuna anayeweza kueleza mtu huyo hasa ni hodari wa kazi gani. Kwa maoni yangu haya ni jambo moja, na ukiyatenganisha kila upande unapungukiwa nguvu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Michael Faraday, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wanasayansi wakubwa wa umeme. Alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, akapata elimu kidogo tu ya darasani, na alipofika umri wa miaka 14 akaanza uanagenzi wa miaka 7 kwa fundi wa kujalidi vitabu jijini London. Saa za kazi alivitia vitabu majalada. Kazi ikiisha alivisoma, hasa vile vya sayansi. Mwaka 1810 akaanza kuhudhuria mihadhara ya jioni iliyotolewa na John Tatum, ambayo kiingilio chake cha shilingi 1 alilipiwa na kaka yake, na huko akafahamiana na vijana wengine wenye kiu kama yake. Mwaka 1812 alipata tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa zama zile, katika Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini humo. Aliyempa tiketi hizo hakuwa ndugu wala rafiki wa karibu, bali mteja wa duka alilofanyia kazi, William Dance, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki.

Alichokifanya Faraday baada ya mihadhara ile ndicho kinachonivutia. Aliziandika upya nukuu zake kwa mwandiko safi, akachora vifaa alivyoviona mezani pa Davy, akazijalidi kwa mikono yake mwenyewe zikawa kitabu cha kurasa takriban 300, kisha mwezi wa Desemba akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy alimjibu na kuonana naye, ingawa wakati huo hapakuwa na nafasi. Haikupita miezi mingi msaidizi wa maabara akafukuzwa, Davy akamkumbuka yule kijana wa kitabu, na mnamo Machi 1813 Faraday akaajiriwa. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumwandikia Sir Joseph Banks, rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, akiomba kazi yoyote hata ya chini kabisa, na barua hiyo haikupata jibu. Mwombaji alikuwa yule yule, na shauku ilikuwa ile ile. Siwezi kusema kwa hakika kwamba Banks angeijibu barua iliyoambatana na kitabu, lakini wahenga hawakukosea waliposema mkono mtupu haulambwi.

Tazama pia jinsi muda na watu walivyoshikana katika kisa hiki. Bila jioni zile za kusoma, tiketi zingekuwa burudani ya siku chache tu. Na bila mteja yule, jioni zile zingeishia kwenye daftari lililofungiwa sandukuni.

Kuhusu nafasi ya mteja wa namna hiyo, yaani mtu tunayemjua kijuujuu, tunao ushahidi wa kutosha. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha matokeo ya mahojiano na watu waliokuwa wamebadili kazi muda si mrefu katika kitongoji kimoja cha Boston. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu yake si ngumu kuielewa. Rafiki wa chanda na pete huzungukwa na watu wale wale tunaozungukwa nao sisi, kwa hiyo habari alizonazo tumekwisha kuzisikia, ilhali mtu tuliyefanya naye kazi zamani akahamia kwingine anaishi katikati ya habari tusizozijua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia majaribio ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, yaliyohusisha watu zaidi ya milioni 20, nao ukaonyesha jambo la kuongezea: ukaribu ukipimwa kwa idadi ya watu tunaowafahamu kwa pamoja, walioleta mafanikio zaidi ni wale wa ukaribu wa wastani kuelekea chini, si marafiki wa ndani, wala si wale ambao karibu hatuna mtu tunayemjua kwa pamoja nao. Kwa hiyo kukusanya mamia ya majina ya watu ambao hamna hata mtu mmoja mnayemjua kwa pamoja ni kazi yenye faida ndogo, na ningependa wanaouza semina za koneksheni waliseme hilo waziwazi.

Tukikubali hivyo, hata namna ya kuchagua shughuli za muda wa ziada inabadilika. Mimi hujiuliza maswali mawili kabla ya kujiingiza katika jambo jipya: je, litaacha kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiona, na je, litanikutanisha na watu wa nje ya mzunguko wangu wa kila siku? Kozi ya kutazama video peke yangu mara nyingi hufeli swali la pili. Kukaa na wenzangu wa ofisini baada ya kazi, jambo ambalo nalipenda, hufeli yote mawili, na hakuna ubaya, mradi nisijidanganye kwamba hiyo ni kazi ya kujijenga. Shughuli inayofaulu vizuri zaidi, nijuavyo mimi, ni ile ambayo wengi huikimbia: ukatibu wa chama cha kitaaluma au cha kujitolea. Katibu anaandika muhtasari, anawapigia wajumbe simu kuwakumbusha kikao, anafuatilia nani aliahidi nini. Baada ya mwaka mmoja kila mjumbe anajua kama katibu huyo ni mtu wa kutimiza ahadi au la, na amelijua hilo bila kusoma wasifu wake.

Wale tuliokwisha kufahamiana nao wanahitaji kutunzwa, na hapa muda mfupi unatosha. Nina daftari dogo ambamo naandika jina la mtu na jambo tulilozungumza mara ya mwisho. Nikikutana na habari inayomfaa, namtumia. Ujumbe wenyewe huwa hivi: "Habari za siku nyingi. Nimeona tangazo la ufadhili wa mafunzo ya ukaguzi wa hesabu nikakukumbuka, kwa sababu uliniambia unatamani kurudi darasani. Mwisho wa kutuma maombi ni mwisho wa mwezi huu." Hauombi kitu, na asiyekuwa na nafasi ya kujibu hajisikii kubanwa. Ni tofauti sana na ule wa "nimekukumbuka tu" ambao kesho yake unafuatwa na ombi la kazi. Watu wanalinusa jambo hilo kutoka mbali.

Sisemi kila dakika iliyobaki ifanywe mtaji. Usingizi na watoto vina haki yao, na mtu anayemuuguza mzazi akirudi kutoka zamu ya usiku hana muda wa ziada wa kuhubiriwa. Kwa mtu kama huyo, ujumbe mmoja kwa wiki ni jambo kubwa.

Jambo la mwisho linasahauliwa hata na watu waungwana. Mtu akikuunganisha na mwingine, ameweka jina lake rehani kwa ajili yako, kwa hiyo anastahili kupata taarifa ya kilichoendelea, hata kama nafasi umeikosa, na aipate kwako kabla hajaisikia kwa yule uliyepelekwa kwake. Mistari miwili inatosha: tulionana siku fulani, tulizungumza hili, na jambo limefikia hapa.