Samaki mzima wa Idi, baada ya miaka 15

Assalam alaikum ndugu zangu. Hii nilitaka niiandike tangu Idi, kila nikishika simu naishia kuangalia picha ya lile sinia, leo nimejilazimisha.

Mie niliondoka Unguja kwenda Uingereza 2009, nimeshakula Idi nyumbani, ilikuwa Septemba na kusi, ule upepo wa msimu, ndo linamalizika. Nimerudi 2024 nimeikuta Idi imo Aprili, masika yenyewe, mvua inapiga bati tokea alfajiri. Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, anaeishi hapa haoni inavyohama, lakini mie nimeiacha mwisho wa kusi nimekuja kuikuta kusi halijaanza, na hapo ndo miaka 15 iliponiingia mwilini.

Watu wengi Idi mosi ni pilau au biriani. Kwetu pilau ipo ila ya jioni, mchana mama anaweka wali wa nazi na samaki wa kupaka, mzima, na kichwa chake na mkia wake, kwa sababu babu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Mkokotoni na samaki wa Idi kwake alikuwa hauzwi hata aje nani, anatengwa.

Uingereza nilikuwa nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee, Idi ikinikuta zamu naila zamu. Nikipata ruhusa napika. Samaki aina ya changu anapatikana, kagandishwa kama ubao, tui la kopo lipo, ukwaju upo, ndimu zipo, sisemi uongo, ladha nilikuwa naikaribia. Lakini nyumba ndogo, king'ora cha moshi kinalia jengo zima, basi taratibu nikaanza kununua minofu ilokwisha kutolewa ngozi na miba, naikunja kwenye foili naitia oveni dakika 20, kila mtu na sahani yake. Mwanangu kazaliwa 2013 kakulia hiyo. Alikuwa hajawahi kumuona mama yake anapara samaki.

Ramadhani 29 asubuhi nikaenda Malindi, diko la samaki la Unguja mjini. Diko limejengwa upya kwa msaada wa Japani, nilizunguka mara mbili natafuta nilipopajua. Changu wachache siku ile. Mzee mmoja muuzaji akaniambia, "Mwanangu, maji yameshaanza kukimbia, mshipi haukai chini, hawa ni wa dema," yaani wa mtego. Nikamkumbuka babu palepale. Idi ndogo inakuja na mwezi kuandama, na mwezi ukiandama ni bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, kwa hiyo samaki wa Idi hii ni samaki wa maji makubwa miaka yote, iwe kusi iwe masika. Kule nilikuwa naijua Idi kwa kuangalia simu, sikuwahi hata siku moja kufikiria bahari.

Nikachagua wawili, jumla karibu kilo 3, shilingi 45,000. Jicho liwe limetuna na linang'aa, mashavu ukiyafunua yawe mekundu ya damu, ukimbonyeza mgongoni nyama irudi juu haraka. Hayo mikono haikusahau. Ulosahau ni mdomo, maana kijana anaepara aliponiuliza nikuparie, nikasema ndio, na kichwa toa. Kisu kikasimama. Akaniangalia akasema, "Dada, kichwa? Samaki wa Idi huyu." Hakusema kwa ubaya, alitaka kuhakikisha tu. Nikamwambia muache mzima kaka, nikageuka upande wa majahazi kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka anione.

Usiku ule hatujui kesho Idi au tunatimiza 30, samaki wako kwenye barafu, nazi hazijavunjwa, redio imewashwa. Ulipotangazwa mwezi umeonekana watoto wa mtaa wakatoka mbio na mama akasema niletee samaki wangu.

Mama macho yamepungua sana. Mie kwenye simu alikuwa ananiambia naona naona. Kumbe haoni. Akamlaza samaki kwenye sinia akampapasa kwa vidole kutoka mkia kwenda kichwani, akafika chini ya pezi la ubavuni akasema huku hakuparwa. Kweli, magamba kama sita yalibaki pale, mie mwenye macho sikuyaona. Akanipa kisu. Nikapara, nikapiga chale tatu kila upande mpaka kisu kiguse mfupa, nikaosha tumboni mpaka ile damu nyeusi ya kwenye uti ikaisha, maana hiyo ikibaki samaki anakuwa mchungu. Thomu (kitunguu saumu), tangawizi, pilipili mbuzi na chumvi, vikasagwa, tukashindilia kwenye chale na ndani ya mashavu. Ndimu akanikataza. Alisema ndimu ukiilaza usiku kucha nyama inaiva kabla ya moto, ukimgeuza juu ya makaa anamomonyoka, ndimu ni ya asubuhi. Mie miaka yote kule nilikuwa nalaza na ndimu, nikidhani samaki wa barafu ndo wanavyovunjika!

Asubuhi baada ya sala nazi nne, nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia, mara ya kwanza tangu 2009, mapaja yakaniuma siku mbili. Tui la kwanza tukaliweka mbali, zito halina maji, likaenda jikoni na ukwaju, bizari ya manjano, thomu kidogo na pilipili. Hapa usiondoke, jamani. Unakoroga tu mpaka lichemke na lishike kijiko, ukienda kufungua mlango kwa wageni umerudi tui limekatika, mafuta juu maji chini. Idi mosi wageni hawaishi kubisha hodi, kwa hiyo mlango nilimpa mwanangu na sufuria nikaishika mie.

Moto tuliwasha chini ya kibaraza kwa sababu ya mvua, makaa na vifuu vya zile nazi. Ukasubiri ndimi ziishe, makaa yafunikwe na jivu jeupe, ndo wavu uloupaka mafuta unawekwa. Wengine wanapaka tui mapema. Mie sikubaliani nao na mama hakubaliani nao: samaki anachomwa mkavu kwanza pande zote mbili mpaka ngozi ishike, ndipo unaanza kupaka kidogo kidogo, unageuza, unapaka, tui linakauka na kuwa kama ngozi ya pili ya njano yenye madoa meusi. Ukipaka kabla, lote linadondokea motoni, unabaki na moshi. Nusu saa na ushei kwa changu wa kilo moja na nusu, makaa ya wastani. Anaiva pale jicho linapogeuka jeupe kama lulu na nyama ya kwenye chale ya katikati inaachia mfupa.

Tukakaa chini kwenye jamvi, sinia moja, wali katikati na changu wawili juu yake, watu saba. Hapa ndo nataka nieleze kitu nilichokuwa nakikosa na nilikuwa sikijui jina. Kule nilikuwa napika samaki lakini nampika wa mtu mmoja mmoja. Samaki mzima hana sehemu ya mtu. Mama alikuwa ananyofoa nyama ya mgongoni anachambua miba kwa vidole, anaisukuma kwenye wali upande wa mwanangu, anarudi ananyofoa tena anaisukuma upande wangu, mie nina miaka 41, na yeye mwenyewe anakula zile za kwenye mapezi. Nikamsukumia shavu la samaki, ile nyama laini kuliko zote, akaipapasa akajua ni nini, akanirudishia.

Mwanangu aliogopa kichwa mwanzo, hakusema, nilimuona anakaa upande wa mkia. Tonge la tatu mwiba ukamkwama. Akatoa macho. Mie nikataka kuinuka kutafuta maji, mama akanishika goti, akafinyanga tonge kavu la wali akampa, "Meza, usitafune." Akameza. Ukashuka. Kisha akamuelekeza taratibu: usitafune haraka, sukuma nyama kwa ulimi kwenye kaakaa, utauhisi wenyewe, utoe kwa vidole, hakuna haya.

Akawa anakula kimyakimya kama anafanya mtihani, kila mwiba anaoupata anaulaza kwenye ukingo wa sinia mbele ya bibi yake, mmoja kando ya mwenzake, na mama kila ukiwekwa anaugusa kwa ncha ya kidole anasema, "Huo. Na huo. Huo mkubwa, wa ubavuni huo."