Ile "sawa" niliyoitoa Jumamosi

Tumehama. Vitu vyote vimefika Isyesye, hapa hapa Mbeya, vitanda vimefungwa, Tumaini ameshazoea njia mpya ya shule, na Jumatano usiku mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nimekaa hapa kwa ajili ya neno moja nililolitamka Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye kile chumba cha watoto cha nyumba tuliyohama, kule Forest.

Msimamizi wa nyumba ile alikuja na karatasi ya makabidhiano. Jikoni tukapita vizuri, bafuni vizuri. Chumba cha watoto kabati lilikuwa limeshatolewa, na ukuta uliokaa nyuma yake miaka miwili ukawa wazi wote. Akapitisha kidole cha shahada usawa wa kifua chake, akanigeuzia mkono. Ncha ya kidole ilikuwa nyeusi kama ya mtu aliyepapasa kitako cha sufuria ya mkaa.

"Dada, ukuta hauoti ukungu wenyewe. Huu ni wa mpangaji."

"Sawa, kaka," nikasema.

Basi, ni hilo tu. Mimi nilimaanisha nimekusikia. Ndivyo nilivyolelewa: mtu akisema neno unamwitikia kwanza, ubishi unakuja baadaye mkiwa mmekaa. Yeye akainamisha kichwa akaandika kwenye karatasi, "Ukungu chumba na. 2, mpangaji amekubali." Nikatia saini kwa sababu gari la mizigo lilikuwa linapiga honi nje na dereva alishasema kila saa ya kusubiri ina bei yake.

Jumatatu hesabu ikaja kwenye simu. Rangi ndoo mbili za lita 20, 160,000. Fundi 60,000. Usafi 30,000. Kitasa 25,000. Kodi ya jengo ya mwaka, 18,000. Jumla 293,000. Amana niliyoweka ni 250,000, kwa hiyo haikurudi hata senti, na nadaiwa 43,000 juu yake.

Mnajua kazi yangu. Huu ni mwaka wa tisa niko nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa, nauza rangi kila siku ya Mungu. Mteja akija kuuliza ndoo ngapi, simuuzii kabla sijamuuliza vipimo. Ndiyo maana inaniuma. Ningekuwa sijui, ningelipa nikalala.

Chumba kile ni mita 3.6 kwa 3.3, kimo cha kuta mita 2.7. Zungusha kuta zote nne unapata mita 13.8, zidisha kwa 2.7, ni mita za mraba 37 na kidogo. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.5 kwa 1.2, inabaki kama 33 na nusu. Rangi ya maji kwenye ukuta uliokwisha kupakwa zamani, lita moja inakwenda mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Plasta mpya inanyonya zaidi na ukuta wenye mikwaruzo pia, lakini ule ulikuwa laini. Mikono miwili ni mita za mraba 67, yaani lita 7. Ndoo moja inamaliza chumba kizima na kubakisha lita 13. Ndoo mbili ni karibu vyumba sita vya aina ile.

Na ulioharibika ni ukuta mmoja. Mita 3.6 kwa 2.7, chini ya mita za mraba 10. Mikono miwili ni lita mbili. Siwezi kusema ungepakwa kile kipande cheusi tu, maana kiraka cha rangi mpya katikati ya ukuta wa zamani kinaonekana hata usiku. Unapaka kutoka kona hadi kona. Hata hivyo galoni moja ya lita 4 inatosha na kubaki.

Hilo ni la kiasi. Linalonirudisha kwenye ile "sawa" ni la chanzo.

Ukungu unataka maji. Swali la kwanza ni maji yametoka wapi, na ukuta wenyewe unajibu ukiutazama kuanzia chini. Kuna maji ya hewa: mvuke wa kupika, nguo zilizoanikwa ndani, pumzi za watoto wawili wamelala na dirisha limefungwa. Hapa kwetu Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, ukuta wa nje unakuwa baridi kama jiwe la mtoni, ule mvuke ukiugusa unageuka maji. Aina hii inapenda kona za juu, pembeni mwa madirisha, na nyuma ya kabati lililobanwa ukutani ambako hewa haipiti. Hapo mpangaji anahusika, sikatai. Ndiyo maana nawaambia watu waache upana wa kiganja kati ya kabati na ukuta wa nje, na wafungue dirisha japo nusu saa asubuhi hata kama kuna baridi.

Kisha kuna maji ya bati na gata. Hayo yanaacha doa lenye ukingo wa kahawia, kama chai iliyomwagika ikakauka, na yanakuja na mvua.

Na kuna maji yanayopanda kutoka chini, pale nailoni ya kuzuia maji kwenye msingi haikuwekwa au ilitobolewa wakati wa kumwaga zege. Tofali linayanyonya kama utambi wa koroboi. Yanapanda hadi nusu mita, wakati mwingine mita moja, yanaacha mstari, na chini ya mstari rangi inatoka kama maganda na plasta inatoa chumvi nyeupe, unga kabisa. Ukipitisha mkono unabaki na vumbi jeupe.

Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na vyote viwili, ukungu na chumvi. Juu kidogo mweusi, alipopitisha kidole. Chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti langu, unga mweupe ule ule, umedondoka hadi kwenye vigae. Nilikuwa nimesimama juu yake na ndala. Pumzi ya mtoto haitoi chumvi ukutani. Chumvi inabebwa na maji yanayopita ndani ya tofali, yakifika usoni yanakauka na kuiacha. Alichoonyesha kilikuwa cheusi, nami nilikuwa nakanyaga cheupe, nikasema sawa.

Nimeirudia ile dakika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikiwa napima misumari. Nikiwa kwenye bajaji. Jumatano niko wodini nimembeba mtoto mchanga, mdogo wangu ananiuliza amefanana na nani, mimi naona kidole. Kila mara namjibu msimamizi vizuri. "Kaka, inama kidogo, pitisha na hapa chini." Hayo tu, kwa heshima ile ile, wala sikuhitaji kupandisha sauti. Na kila mara naishia kusikia nilichosema kweli.

Uchungu zaidi ni kwamba nilikuwa na ushahidi mkononi. Februari, mvua zikiwa zimechanganya, nilimtumia picha za ukuta ule na gata la nyuma lililokatika, maji yanamwagika chini ya dirisha na kukaa pale kama dimbwi. Akajibu, "Nimeona dada, fundi atakuja." Ujumbe upo, tarehe ipo, saa ipo. Fundi hakuja.

Hata kipimo nilikifanya. Ni rahisi na hakina gharama: unakata kipande cha nailoni nzito, kama sentimita 30 kwa 30, unakigandisha ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, unakiacha siku moja hadi mbili. Umande ukitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa humo ndani. Ukitokea upande wa ukutani, chini ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Nailoni yangu ililowa upande wa ukutani. Nilipiga picha halafu nikaisahau katikati ya picha za sherehe ya Tumaini.

Nilivyokuwa nafunga wiki namna hiyo, jana Ijumaa mchana akaingia dukani fundi mmoja wa rangi, namfahamu kwa sura, ananunua kwetu mara kwa mara. Anataka galoni moja ya krimu, lita 4, msasa vipande viwili na brashi ya inchi nne. Nikamuuliza kama nimuulizavyo kila mtu: ukuta gani, una hali gani? Akasema ni chumba kule Forest, apatimenti za fensi ya kijani, kuna ukuta umeingia fangasi, ameambiwa aufunike kabla mpangaji mpya hajaingia Jumatatu.

Nikaganda na galoni mkononi.

Halafu, sijui niseme vipi, moyo ukatulia. Kwa siku sita nilikuwa nahisi kama mtu aliyeharibu nyumba ya watu. Galoni moja ikanionyesha kwamba vipimo vyangu vilikuwa sawa na kwamba hata wao wanajua hivyo. Sikumwambia fundi kitu, yeye katumwa. Ila nilimwambia ukweli wa kazi, kwa sababu kuna mtu analeta watoto wake kulala pale Jumatatu. Ukipaka rangi juu ya ukungu, miezi michache tu unatokea tena na kuibandua. Kwanza uoshe kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu nne, glavu mkononi na dirisha wazi, na usiichanganye na dawa ya choo hata tone, ule moshi wake unaumiza kifua. Acha robo saa, sugua, suuza, kausha. Chini kwenye chumvi usioshe kwa maji mengi, yanairudisha ndani. Ipanguse kavu kwa brashi ngumu. Na maji ya nje yasipoondolewa, kazi yote ni bure. Akanisikiliza, akaongeza jiki chupa moja kwa hela yake. Nikamkatia risiti yake akaondoka nayo. Karatasi ile ni yake na bosi wake, sitaitumia. Vipimo vyangu vinanitosha.

Jana usiku nikaandika barua. Nusu ukurasa, nimempelekea msimamizi na nakala kwa mama mwenye nyumba mwenyewe. Kitasa nimekubali, 25,000, funguo nilipoteza mimi. Usafi nimeomba anionyeshe picha ya uchafu, kwa sababu niliondoka nimedeki na video ninayo. Kodi ya jengo nimeikataa: tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka na mita yangu ya umeme ilikuwa inakatwa 1,500 kila mwezi nikinunua LUKU, ujumbe wa kila manunuzi unaonyesha makato. Kodi ile ni ya mwenye jengo, mimi nilikuwa naitanguliza tu, sasa naombwa mara ya pili. Rangi na fundi nimeweka vipimo vya chumba, picha ya Februari, jibu lake, picha ya nailoni. Nikamkumbusha kwa upole kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba kama alivyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida wa matumizi, na maji ya msingi hata hayajafika kuitwa uchakavu wangu. Kuhusu saini nimeandika wazi: nilisaini kwamba tumeukagua ukuta pamoja, sikusaini bei, bei haikuwepo kwenye karatasi siku ile. Mwisho nimeomba 225,000 zangu ndani ya siku 14, la sivyo tukae pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Hapa Isyesye nimeanza tofauti. Siku ya kuingia, kabla hata ya kushusha godoro, nilizunguka na mwenye nyumba chumba kwa chumba. Nilipiga picha namba za mita na uniti zilizobaki, nikafungua bomba zote, nikavuta maji chooni, nikasukuma kila dirisha. Kila ufa tukauandika na urefu wake kwa futi kamba. Nakala mbili, saini zetu mbili, na balozi wa nyumba kumi akashuhudia. Mzee wa watu alishangaa kidogo, akasema hajawahi kupata mpangaji anayepima. Lakini alishika upande wa pili wa futi kamba mwenyewe hadi tukamaliza.

Asubuhi hii msimamizi amejibu, "Nimepokea dada, nitaongea na mama." Nimeisoma mara tatu. Sijamjibu sawa. Nimemjibu, "Nimeona, nasubiri."

Mama yangu mzazi kapiga simu kutoka Tukuyu wakati naandika. Parachichi zake za Hass zinadondoka zikiwa bado ndogo kama yai la kuku, kila asubuhi anaokota karai zima chini ya miti ile ya upande wa juu, na bwana shamba ameahidi kupita tangu wiki juzi. Ameniuliza kama dukani kwetu kuna dawa. Hatuna. Sijui hata kama ni ugonjwa au ni maji, na kila nikimuuliza majani yana rangi gani mtandao unakata.