Tarehe 24 Novemba

Leo nimepita Shangani, nikasimama kidogo mbele ya ile nyumba ambayo watalii hawaishi kuipiga picha. Ndipo nikakumbuka tarehe. Siku kama ya leo mwaka 1991, Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alifariki London akiwa na miaka 45, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, mzaliwa wa hapahapa Unguja! Siku hiyohiyo Eric Carr, mpiga dramu wa bendi ya Kiss, naye akaondoka kwa saratani; habari yake ikamezwa kabisa, maskini. Na Pete Best, yule mpiga dramu aliyeachwa na Beatles 1962, alikuwa anatimiza miaka 50. Nimemsimulia baba. Kaniuliza, "Bulsara ndiye yule wa makelele?" Ndiye, baba.