Finchi wangu kageuka mweusi, ni ya kurithi?

Jamani huyu zebra finchi wangu dume (kandege kadogo ka kufuga) amebadilika kweli, tumbo lililokuwa jeupe sasa lina manyoya meusi tii na kila anayemwona ananiambia nimpe jike fasta nipate makinda meusi. Mi nasema ngoja kwanza. Weusi wa kurithi huonekana ndege akiota tu manyoya yake ya kikubwa, kama wale wa mashavu meusi, na jeni yao ni ya kujificha yaani kinda lazima aipate kwa baba na kwa mama, ndo maana wazazi wa kawaida kabisa wanaweza kutoa kinda wa hivyo. Wangu alikuwa wa kawaida akageuka ukubwani baada ya kubadili manyoya, kwahiyo nashuku msosi au mwanga, manake mbegu za hempu (mmea wa jamii ya bangi) zikizidi zinajulikana toka zamani kugeuza ndege weusi, na ini likiumwa pia manyoya huweza kuwa meusi. Nimeshamsogeza kwenye jua la asubuhi, anakula uwele na majani mabichi, na pale tumboni kuna unyoya mpya umechipuka mweupe! Kama ni chakula, rangi hurudi akibadili manyoya tena. Jike atasubiri mpaka hapo.