Waya umegusa pini kabisa lakini KiCad inasema haijaunganishwa, nilivyotatua

Wiki iliyopita nilikuwa nachora bodi ndogo kwenye KiCad, programu ya kuchora saketi na bodi za elektroniki: chipu ya ATmega328P na sensa ya joto inayowasiliana nayo kwa I2C (waya mbili, SDA na SCL), basi. Nikamaliza skematiki (mchoro wa saketi) nikapiga ERC, ukaguzi wa KiCad wa miunganisho ya umeme, makosa 14, mengi yanasema pini haijaunganishwa. Naangalia waya, umefika. Nafuta nachora upya, kosa liko palepale. Masaa matatu nimekaa hapo, na iliniuma kweli maana nilijua mchoro wenyewe uko sawa.

Kilichoniokoa ni kuvuta karibu sana, pini moja tu ijae skrini, ile ya RESET. KiCad huweka kiduara kidogo kwenye ncha ya pini isiyo na kitu, ukiunganisha kinapotea. Sasa changu kilikuwa bado kipo, na waya umeishia pembeni yake, nafasi nyembamba kama unywele. Kumbe nilipokuwa napanga maandishi nilishusha gridi (nukta ambazo vitu hujipanga juu yake) hadi mil 10 nikasahau kuirudisha, wakati pini za alama za vifaa kwenye maktaba ya KiCad zimekaa kwenye mil 50, yaani mm 1.27. Programu haijali kama vinaonekana vimegusana, inataka ncha mbili ziwe kwenye nukta ileile. Nikarudisha 50, nikachagua vyote, nikabonyeza kulia nikapanga kwenye gridi, halafu nikapitia waya mmoja mmoja. Makosa yakashuka hadi 7.

Hayo mengine yalikuwa mepesi. Pini tatu sizitumii kabisa, nikaziwekea alama ya X kwa kubonyeza Q. VCC (umeme chanya) na GND (ardhi) zililalamika hazina chanzo cha umeme kwa sababu umeme wangu unaingia kwa konekta na ERC haiwezi kujua hilo, nikaweka PWR_FLAG, alama ya kuiambia umeme unaingia hapo, kwenye kila moja. Zikabaki SDA na SCL: sensa iko ukurasa wa pili na mimi nilitumia lebo za kawaida, ambazo hazivuki ukurasa hata jina likifanana herufi kwa herufi. Nikabadilisha zikawa lebo za globali, zinazovuka kurasa, ERC ikasoma 0.

Nikaenda kwenye bodi, nikabonyeza F8 kuleta skematiki huko, nikachora njia za shaba, DRC (ukaguzi wa bodi yenyewe) ikaleta makosa mawili tena, zote GND. Moja ilikuwa shaba ya GND haijajazwa upya baada ya kusogeza njia, ukibonyeza B inaisha. Ya pili ilikuwa kapasita ya nF 100 iliyozungukwa na njia pande zote, shaba haina pa kupitia, nikaishushia via moja (tundu la shaba linalounganisha matabaka) hadi tabaka la chini ambako GND imetandazwa nzima.

Na jamani ukitaka kusogeza kifaa kwenye skematiki tumia G, waya zinakufuata. Ukitumia M zinabaki nyuma na unaanza kuhesabu makosa upya.